Anza na Maneno Yanayoandamana: Namna ya Kujifunza Nahau na Semi za Kiingereza

Mswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga kura, hupiga mswaki, hupiga magoti na hupiga chafya, na katika yote hayo hakuna aliyepigwa. Hakuna kanuni ya sarufi inayoeleza kwa nini nguo hupigwa pasi na sakafu hupigwa deki. Tulizoea tangu utotoni kuyasikia maneno hayo yakiwa pamoja, na masikio yetu hushtuka mara moja mgeni anaposema kwamba "amefanya simu". Kiingereza nacho kimejaa mazoea ya namna hiyo, na mtu aliyesoma sarufi yake kwa miaka mingi anaweza kuandika sentensi isiyovunja kanuni hata moja, lakini ambayo wenye lugha yao wasingeisema kamwe.

Mazoea hayo ni ya aina tatu. Kuna maneno yanayoandamana, ambayo maana yake huelekea kuwa wazi, ila neno limekwisha kuchaguliwa mwenzake na haliwezi kupewa mwingine: "make a mistake", "heavy rain". Kuna semi za desturi, zinazotamkwa zima zima katika salamu, barua na mazungumzo ya adabu, kama "I look forward to hearing from you". Kisha kuna nahau zenyewe, ambamo maana haipatikani kwa kuyajumlisha maneno: "spill the beans" ni kutoboa siri, wala hakuna maharage yaliyomwagika. Vitabu vingi na orodha nyingi za mtandaoni huanza na hizo nahau kwa sababu zinapendeza, na kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Maneno yanayoandamana yamo karibu katika kila sentensi, ilhali nahau moja inaweza isisikike hata mara moja kwa wiki nzima. Kwa hiyo mwongozo huu unamshauri mwanafunzi atumie sehemu kubwa ya muda wake kwenye aina ya kwanza, sehemu ya wastani kwenye aina ya pili, na nahau azielewe muda mrefu kabla ya kuzitamka.

Nomino na kitenzi chake

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno yanayofuatana nalo. Tukilichukua wazo hilo kama agizo la kazi, maana yake ni kwamba neno la Kiingereza lisiandikwe peke yake daftarini. Ukikutana na "promise", usiandike tu kwamba maana yake ni ahadi. Andika "make a promise", "keep a promise" na "break a promise", kisha ulinganishe na kuweka, kutimiza na kuvunja ahadi. Utaona kwamba kuvunja kunalingana katika lugha zote mbili na hakuhitaji kukaririwa, ila "keep" hailingani na kutimiza hata kidogo. Palipo na tofauti ndipo pa kutia alama nyekundu, kwa maana ndipo Kiswahili kitakapokuponza.

Kitenzi kinachoponza wengi zaidi ni kufanya. Kwa Kiswahili tunafanya kosa, tunafanya biashara, tunafanya sherehe, tunafanya mtihani, tunafanya mkutano na mtu mbaya hufanya uhalifu. Kiingereza hugawa kazi hiyo moja kwa vitenzi vingi: kosa ni "make a mistake", biashara ni "do business", sherehe ni "have a party", mtihani ni "take an exam" au, kwa Waingereza, "sit an exam", mkutano ni "hold a meeting", na uhalifu ni "commit a crime". Walimu hujaribu kutoa kanuni kwamba "make" ni kwa kitu kinachoundwa na "do" ni kwa shughuli. Kanuni hiyo husaidia kidogo, kisha humwacha mwanafunzi njiani anapofika kwenye "make an effort" na "do damage". Njia salama ni kukusanya nomino zako mwenyewe, zile unazozihitaji kazini au masomoni, na kuiandikia kila moja kitenzi chake.

Kula na kunywa vinafuata. Dawa za vidonge tunazinywa au tunazimeza, lakini kwa Kiingereza mtu husema "take medicine", na anayesema "drink medicine" hueleweka kana kwamba anazungumzia dawa ya maji pekee. Kula rushwa ni "take bribes", kula kiapo ni "take an oath", kula hasara ni "make a loss" au, kwa lugha ya rasmi zaidi, "incur a loss", na kula njama kwaweza kuwa "hatch a plot", yaani kuiangua njama mithili ya kuku anayeangua yai. Kupata nako kuna mtego wake: mtu aliyepata ajali asiseme "I got an accident", japokuwa sentensi hiyo husikika kila siku Nairobi, Arusha na Kampala, usemi uliozoeleka kwa wenye lugha ni "I had an accident".

Baada ya vitenzi, geukia vivumishi, na mfano ulio bora katika lugha yetu ni "kali". Kwetu neno hili moja hutosha kwa kisu, mbwa, mwalimu, jua, upepo, baridi, maumivu na ushindani. Kwa Kiingereza kisu ni "sharp", mbwa ni "fierce", mwalimu ni "strict", upepo ni "strong", jua laweza kuwa "blazing", baridi ikizidi huitwa "bitter", maumivu ni "severe" na ushindani ni "stiff" au "fierce". Anayeridhika kwamba "kali" ni "sharp" atamweleza mzazi kwamba mwalimu wa mwanawe ni "sharp", na mzazi atafurahi, kwa kuwa ameelewa kwamba mwalimu huyo ana akili nyepesi. Zoezi lenye faida ni kuchukua kivumishi cha Kiswahili chenye kazi nyingi, kama kali, kubwa, nzito au zuri, kuorodhesha nomino zake zote unazozikumbuka, kisha kutafuta kila nomino huitikiwa na nini upande wa pili. Hiyo ni kazi ya jioni moja kwa kila kivumishi, nayo huziba makosa ambayo vitabu vya sarufi havigusi.

Kuvuna kutoka katika usomaji

Maneno yanayoandamana hayavunwi vizuri kutoka katika orodha zilizokwisha kutayarishwa, kwa sababu orodha haimwonyeshi mtu neno linaishi wapi. Chukua habari fupi ya gazeti, isome mara moja kwa ajili ya maana, kisha uirudie polepole. Kila unapofika kwenye nomino yenye uzito, tazama kushoto kwake uone ni kitenzi gani kimeishika na ni kivumishi gani kimeisindikiza. Katika habari za serikali utaona "impose a ban" mahali ambapo sisi tungesema kupiga marufuku, na "lift a ban" marufuku hiyo inapoondolewa. Katika habari za mahakama utaona "adjourn the hearing" na "dismiss the case". Vifungu vitano kwa habari moja vinatosha. Anayepigia mstari kila kitu hukumbuka kidogo sana.

Hatua inayofuata ni ya kale na inamfaa hasa mtu mwenye lugha mbili. Roger Ascham, aliyemfundisha malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alipendekeza katika karne ya 16 kwamba mwanafunzi wa Kilatini afasiri kifungu kwenda katika lugha yake, akiweke kando kwa muda, kisha akifasiri tena kukirudisha Kilatini bila kutazama cha asili, na mwishowe alinganishe. Ifanye kazi hiyo kwa Kiingereza na Kiswahili. Fasiri aya ya Kiingereza kwa Kiswahili kizuri, kisichoburuzwa na Kiingereza, ifunge, baada ya siku chache irudishe. Pale utakapoandika "do a decision" na maandishi ya asili yakasema "make a decision", utakuwa umelikamata kosa lako mwenyewe, na kosa la namna hiyo hukaa akilini kuliko lile uliloonywa na mtu mwingine.

Ukibaki na shaka, uliza kamusi inayofaa. Kamusi ya kawaida ya Kiingereza kwa Kiswahili hutoa maana, ila haimwelezi mtu neno huandamana na nini. Kamusi za wanafunzi za wachapishaji kama Oxford, Cambridge na Longman, ambazo hupatikana bure mtandaoni, huonyesha maneno yanayoandamana ndani ya sentensi za mfano, mara nyingi kwa wino mzito, na watu wengi huziruka sentensi hizo wakikimbilia maana. Soma mifano kwanza. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kutafuta kifungu katika hazina kubwa za maandishi: ile ya Kiingereza cha Uingereza iliyokusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ina maneno yapata milioni 100, na ile ya Kiingereza cha Marekani imevuka bilioni moja. Andika kifungu chako hapo na uone kimetokea mara ngapi. Kikitokea mara mbili tu katika maneno yote hayo, kiache.

Vipo pia vitenzi vinavyofuatwa na vijineno kama "up", "off" na "into", ambavyo hubadilisha maana nzima. Hivi vijifunze kimoja kimoja ndani ya sentensi; kuvipanga kwa orodha ya "get up, get off, get over, get by" huvichanganya kichwani. Jihadhari na vijineno tulivyovizidisha sisi Afrika Mashariki. Wenye lugha husema "cope with", hawasemi "cope up with". Husema "discuss the matter" bila "about", na "request help" bila "for", ingawa nomino hukubali, kama katika "a discussion about fees" na "a request for help". Ni nomino hizo ndizo zilizotupotosha kwenye vitenzi.

Semi za adabu

Semi za desturi ni chache kuliko maneno yanayoandamana, lakini kosa ndani yake husikika kama utovu wa adabu, na hilo ni zito kuliko kosa la sarufi. Chukua "Would you mind opening the window?". Kwa maneno yake, anayeuliza anataka kujua kama utaona karaha kufungua dirisha. Kwa hiyo anayekubali hujibu "Not at all", na anayejibu "Yes" kwa moyo mweupe huwa amekataa. Vivyo hivyo "I'm afraid" mwanzoni mwa sentensi haina hofu yoyote ndani yake, bali hutangulia habari isiyopendeza, kama "I'm afraid the office is closed". Nayo "with all due respect" hutamkwa na mtu anayejiandaa kukupinga, kama vile "samahani mheshimiwa" inavyoweza kusikika bungeni.

"Karibu" yetu ni pana mno kwa Kiingereza. Mgeni mlangoni huambiwa "Come in", aliyekwisha kuingia huambiwa "Make yourself at home", anayeshukuru hujibiwa "You're welcome", na anayekukuta ukila huulizwa "Would you like some?". Ukimwambia "You are welcome" ukiwa umeshika tonge, atajiuliza alikushukuru kwa jambo gani. "Pole" nayo haifuniki eneo lile lile la "sorry". Mtu akijikwaa mbele ya Mwingereza huulizwa "Are you all right?", ukimwambia "Sorry" atadhani unaomba radhi kwa kosa ambalo hukulitenda. Kwa mfiwa usemi uliozoeleka ni "I'm sorry for your loss". Kuhusu "pole na kazi", Kiingereza hakina usemi wake, na mwenye kuifasiri hupoteza muda. Mwulize tu siku yake imekwendaje.

Katika barua, jifunze mwanzo na mwisho kama jozi. Kwa desturi ya Uingereza, barua inayoanza "Dear Sir or Madam" huishia "Yours faithfully", na inayoanza kwa jina la mwandikiwa huishia "Yours sincerely". Kumbuka pia kwamba baada ya "look forward to" kitenzi huchukua umbo la "-ing": "I look forward to meeting you". Hili ni kosa la mara kwa mara katika barua za kuomba kazi.

Yapo pia maneno mawili yaliyofungwa pamoja kwa mpangilio usiobadilika, kama "safe and sound", "law and order" na "trial and error". Sisi husema suala la kufa na kupona, kifo kikitangulia. Waingereza husema "a matter of life and death", uhai ukitangulia. Kuyageuza hakuharibu maana, lakini msikilizaji husita.

Nahau: kuelewa kabla ya kusema

Unapokutana na nahau, kwanza itazame kama ina ndugu katika Kiswahili. "Kill two birds with one stone" inatembea sambamba na kuua ndege wawili kwa jiwe moja, na "crocodile tears" ni machozi ya mamba. Hizo zipokee kwa shukrani na uendelee. Zinazohitaji tahadhari ni zile zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Kumvunja mtu moyo kwetu ni kumkatisha tamaa, ilhali "break someone's heart" ni kumtia huzuni kubwa, aghalabu katika mapenzi. Anayeandika kwamba matokeo ya mtihani "broke my heart" amesema zaidi ya alivyokusudia, na pengine alichotaka ni "discouraged me". Chumvi nayo ina mambo yake. Kwetu anayetia chumvi hupamba habari kupita kiasi, na aliyekula chumvi nyingi ameishi miaka mingi; kwa Kiingereza anayepokea habari "with a pinch of salt" ni msikilizaji asiyeiamini yote. Chumvi ya Waswahili imo mkononi mwa msemaji, ya Waingereza imo mkononi mwa msikilizaji, na hapo wafasiri wengi huteleza.

Kujua nahau imetoka wapi husaidia kuikumbuka, mradi asili hiyo iwe ya hakika. Watu wa pwani husema mambo yamekwenda mrama, na mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Waingereza, taifa la mabaharia, nao wana "know the ropes", yaani kuijua kazi kama baharia anavyozijua kamba za merikebu, na "plain sailing" kwa jambo lisilo na kikwazo. Michezo imezaa nyingine nyingi: kriketi imewapa Waingereza "a sticky wicket", yaani hali ngumu, na besiboli imewapa Wamarekani "a ballpark figure", yaani makadirio ya jumla. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, lakini besiboli ni ngeni kwa wengi wetu, na ndiyo sababu nahau za Kimarekani huonekana kama vitendawili. Tofauti za pande hizo mbili ni ndogo lakini zipo: Mwingereza huepusha bahati mbaya kwa kusema "touch wood", Mmarekani kwa "knock on wood", kwa mmoja kelele nyingi juu ya jambo dogo ni "a storm in a teacup", kwa mwingine ni "a tempest in a teapot". Chagua upande mmoja ubaki nao.

Halafu kuna suala la mahali pa kuisemea. "Kick the bucket" ni kufa, lakini kwa mzaha, kama vile kukata kamba. Hakuna anayesimama msibani akatangaza kwamba marehemu amekata kamba, na kwa sababu hiyo hiyo Mwingereza mbele ya wafiwa husema "passed away". Kila nahau unayoiandika daftarini iandikie pembeni nani huisema, kwa nani, na katika hali gani. Nyingine zimechakaa: "It's raining cats and dogs" inajulikana kwa kila mwanafunzi duniani na haisemwi sana na wenye lugha yao, ambao husema tu "It's pouring". Nyingine hazikubali kubadilishwa umbo. Ukisema "the bucket was kicked" maana ya kifo hupotea na ndoo hubaki ndoo, ilhali "the beans were spilled" hukubalika. Methali, kwa upande wake, mara nyingi hukatwa nusu. Jinsi mtu anavyosema "asiyefunzwa na mamaye" akanyamaza, Mwingereza husema "When in Rome" akaishia hapo bila kumalizia "do as the Romans do", na asiyeijua methali nzima hubaki akingoja sentensi imalizike.

Kuyahifadhi

Kuhusu kumbukumbu, hakuna siri. Mwaka 1972 Mjerumani Sebastian Leitner alieleza matumizi ya kisanduku chenye vyumba kadhaa: kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na hupitiwa kila siku, iliyojibiwa sawasawa huhamia chumba kinachopitiwa kwa nadra zaidi, na iliyokosewa hurudi mwanzo. Programu za simu hufanya kazi ile ile. La muhimu ni kinachoandikwa kwenye kadi. Upande wa kwanza andika sentensi nzima ya Kiswahili, "Polisi walifanya mkutano na wazee wa kijiji", na upande wa pili sentensi nzima ya Kiingereza, ili ulimi ulazimike kukitoa kifungu chote kwa pamoja. Kisha kitumie kifungu hicho katika jambo lako halisi ndani ya wiki ile ile, iwe barua pepe, ripoti au ujumbe kwa rafiki.

Wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao vyuo vingi vya nje huuhitaji, wajue kwamba msamiati ni kimoja kati ya vigezo vinne vya usaili wa kuzungumza, na kwamba kuanzia alama ya 7 watahini hutazama kama mtahiniwa ana mwamko wa maneno yanayoandamana na anatumia baadhi ya semi za wenye lugha. Wengi wamelitafsiri hilo kuwa ni amri ya kupachika nahau. Mtahiniwa anayeeleza kwamba alichelewa kwa sababu ya "heavy traffic", kwamba "we ran out of time" na kwamba ilimbidi "make a quick decision" ameonyesha kile kinachotafutwa, hata kama hakutaja paka wala mbwa.